Nyimbo Mia na Kumi na Mbili za Kasmiri

Kasmiri Mwandu wa Sapiwi analima pamba ekari tatu na ana ng'ombe ambao idadi yao hakuambii. Ukimuuliza kazi yake, atasema mkulima. Watu, wao, wanamwita Mwalimu, ingawa shule aliishia darasa la saba na chaki hajawahi kuishika. Ni mwalimu wa kwaya ya kigango, mwaka wa thelathini na moja huu. Noti alifundishwa na katekista mmoja, marehemu sasa, aliyekuwa akimchorea do-re-mi kwa fimbo kwenye tope lililokauka, ng'ombe wakinywa maji lamboni.

Nyimbo anatunga mwenyewe, za Kiswahili na za Kisukuma. Zamani aliziandika kwenye madaftari makubwa akayafungia ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Mwaka mmoja wa mvua nyingi alifungua sanduku akakuta mchwa wameingilia kwa chini. Majalada yapo, ndani udongo mtupu. Siku hiyo, anasema mkewe Lucy, hata uji hakunywa.

Akaanza upya kwa kukumbuka. Sylvester, aliyewahi kuimba besi kwenye kwaya yake kabla hajapata kazi Mwanza, akamletea laptopu iliyokwisha tumika na kumwonyesha namna ya kuandika na kutunza sauti. Tangu hapo kila wimbo una folda yake yenye namba, na ndani mna maandishi na sauti nne, kila sauti imeimbwa peke yake na kurekodiwa kwa simu. Wanakwaya wengi noti hawasomi, wanasikiliza, wanashika. Folda zilifika mia na kumi na mbili, na kwingine nyimbo hizo hazikuwepo.

Sasa laptopu ikaanza kuumwa. Ukiiwasha asubuhi, unakwenda kukamua, unarudi, bado inazunguka. Kisha ikawa inajizima yenyewe katikati ya wimbo. Sylvester akasema kwa simu, "Hiyo inataka kupigwa windo mpya, Mwalimu, ile programu inayoiendesha. Lakini hakikisha nyimbo zinatolewa kwanza. Usimruhusu mtu aguse kabla." Kasmiri akaenda mnadani, akanunua flashi kwa bwana mmoja aliyetandaza turubai, flashi nzuri ya kung'aa, imeandikwa GB sitini na nne. Lucy akaifunga laptopu kwa kitenge mara mbili, kama mtoto anayepelekwa kliniki, na mzee akapanda bodaboda mpaka Bariadi, ameipakata.

Fundi aliyeelekezwa ni Jenifer, binti mwenye duka dogo karibu na stendi. Anatoa fotokopi, anajaza fomu za watu, na mezani kuna kompyuta zilizofunguliwa matumbo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu. Mgonjwa ndiye huyo kwenye kitenge?"

Akaiwasha, akasubiri, akatikisa kichwa. "Nikipiga windo, humu ndani panafagiliwa pote. Kwa hiyo tunavitoa vitu vyako nje, tunasafisha, tunavirudisha."

"Kama kuhamisha vyombo ili nyumba ipigwe lipu."

"Hivyo hivyo. Una pa kuviweka?"

Kasmiri akatoa flashi yake kwa fahari. Jenifer akaichomeka. Kazi ilichukua muda mrefu, mstari wa kijani unatambaa. Kwenye benchi alikaa Marcelo, muuza samaki kutoka Lamadi, akisubiri fomu yake ya leseni. Alikuwa mtu asiyeweza kuona mwenzake amenyamaza.

"Mzee, umebeba nini humo kinachochukua muda hivyo? Sinema?"

"Nyimbo."

"Zako?"

"Zangu."

"Basi wewe ni msanii! Mbona huna cheni shingoni?"

Mstari ukafika mwisho. Jenifer akalinganisha: folda mia na kumi na mbili huku, mia na kumi na mbili kule. Ukubwa sawasawa. "Zimetimia zote, baba. Nifute?"

Mkono wake ulikuwa tayari. Kasmiri akasema, "Ngoja kwanza, ng'wanawane. Ngoja, mwanangu."

Hakuwa amegundua kitu chochote. Alimkumbuka tu baba yake. Mzee Mwandu hakupenda ng'ombe wahesabiwe kwa kidole, na wengi wa rika lake hawakupenda. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akiwaangalia wakiingia mmoja mmoja. Mwaka ambao Kasmiri alijifunza hesabu shuleni, alihesabu kwa siri, akamwambia baba yake wametimia. Mzee akauliza, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda yuko wapi?" Wakatazama, hayupo. Kumbe mtamba wa jirani alifuata kundi akaingia nao. Hesabu ilikuwa sawa, lakini ng'ombe mmoja hakuwa wa kwao. Yule mwekundu walimtafuta kwa siku mbili.

"Nataka nizione zikiingia," Kasmiri akasema.

"Zimeshaingia, baba."

"Nataka kuziona sura."

Jenifer akashusha pumzi, lakini akahamisha flashi kwenye kompyuta yake nyingine na kumsogezea kiti. Kasmiri akafungua namba moja, sauti ya kwanza. Ikalia. Akaimba nayo maneno mawili matatu, akafunga. Namba mbili. Akaimba. Namba tatu.

"Jamani," Marcelo akasema, "hapa tutalala."

"Wewe fomu yako bado, tulia," Jenifer akamwambia. "Si ulitaka msanii?"

Kufika namba ishirini Marcelo alikuwa anapiga besi, tena vibaya. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasimama mlangoni na mtoto mgongoni mpaka akasahau kilichomleta. Namba arobaini ni wimbo wa mavuno, Kasmiri akaufungua mara mbili, pasipo sababu.

Namba sitini na moja ikalia. Sitini na mbili haikulia.

Akabonyeza tena, kimya. Sauti ya pili, kimya, ya tatu na ya nne vilevile. Akafungua maandishi, yakaja vimraba na vidoti. Sitini na tatu hivyo hivyo. Jenifer akainuka, akainama juu ya bega lake, akafungua namba tisini, namba mia, na ile ya mwisho kabisa. Majina yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri, na ndani hakuna wimbo.

"Flashi inadanganya," akasema taratibu. "Imeandikwa sitini na nne, nafasi yake haifiki hata tano. Ikijaa haisemi. Inaendelea kuandika majina tu." Akaitazama laptopu ya mzee pale mezani, bado haijaguswa, halafu akautazama mkono wake mwenyewe. "Baba, mimi ningefuta."

"Hukufuta."

"Ningefuta. Nimeshazoea kuangalia hesabu."

Kasmiri akaisogeza laptopu yake karibu. Alikuwa anakumbuka udongo ndani ya majalada.

Jenifer akatoa kwenye droo yake diski kubwa ya nje, ile ya kwake. Ilikuwa imejaa tamthilia za Kikorea. Akaanza kuzifuta moja baada ya nyingine.

"Hata ile hujaimaliza?" Marcelo akauliza.

"Wataoana tu," Jenifer akasema, akafuta.

Wakahamisha upya. Safari hii hakuna aliyesema zimetimia. Kasmiri akaanza tena namba moja, na Jenifer akakaa kando yake mpaka mwisho. Sitini na mbili ililia. Mia na kumi na mbili ililia. Hapo ndipo mzee akasema, "Haya. Fagia."

Saa kumi jioni laptopu ilikuwa inawaka kabla hujamaliza kupiga chafya, na folda zote zimerudi ndani. Kasmiri akazipitia tena, kwa sababu kutoka na kurudi zizini ni vitu viwili. Jenifer akasema nakala nyingine itabaki kwenye diski yake mpaka Sylvester atume flashi ya kuaminika. Mzee akafunga kitenge, mara mbili, kama alivyofunga Lucy.

"Na hii ya mnadani niitupe?"

"Nipe. Siku ya mnada nitampelekea yule bwana. Nataka aniimbie namba sitini na mbili."