Alama Mbili Nilizompa Furaha

Zile chembe nyeusi za mpira wanazomwaga kwenye nyasi bandia hunuka vibaya jua likizipiga. Wiki iliyopita nilipita kando ya uwanja wa Jakobsberg, mtaa niliokulia huku ughaibuni, nikienda kwenye usaili wa kazi, harufu ikanijaa puani, na majibu yote niliyoyakariri tangu Jumatatu yakapotea. Nikamkumbuka Furaha.

Nilikuwa na miaka kumi, golikipa wa timu ya wasichana ya kanisa letu. Kila theluji ilipoisha, kocha wetu Mwalimu Amani, Mtanzania aliyeendesha basi siku za kazi, alipokea kundi la wachezaji wapya. Sisi wa zamani tuliketi kwenye benchi na karatasi, tukawapa alama, moja hadi tano. Alituamini kupita kiasi.

Mwaka huo walikuja sita. Watano walikimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mchele. Wa sita alikuwa Furaha, aliyefika kutoka Goma miezi michache tu kabla. Alisimama golini akadaka kila kitu. Nilimchunguza kwa umakini ambao sikuwahi kuupa hesabu: urefu wake, mikono mipana, jinsi alivyomfuta mdogo wake kamasi. Mtoto gani wa miaka kumi anafuta watu kamasi? Nilimpa mbili. Halafu, kwa kuogopa kwamba mbili hazitaniokolea nafasi yangu, nikamnong'oneza mama, aliyeketi nyuma yetu na wazazi wengine, kwamba yule ni mkubwa.

Mama akasimama. "Mwalimu, huyu mutoto si wa miaka kumi, hapana," alisema, wazazi wote wakisikia. "Angalia mukono."

Mwalimu akacheka, akasema hata yeye utotoni alikuwa na miguu ya kuazima. Lakini wazazi walishaanza kupima kwa macho, na mmoja akataka karatasi za kuzaliwa. Ikabidi Mwalimu aulize. "Binti yangu, umezaliwa lini?"

Furaha alinitazama mimi, sijui alijuaje. "Niliambiwa nisiseme," akajibu.

Akavua glavu za timu, akaziweka mapajani mwangu, akamshika mdogo wake mkono wakaelekea kituo cha treni. Hakurudi tena. Mimi nikabaki golini, na timu ya Hässelby ikatufunga saba.

Nyumbani kwetu wote tumezaliwa Januari mosi. Utotoni niliona ni bahati: keki moja, watu wanne. Mwaka jana, nilipomaliza chuo, ndipo nilipomuuliza mama kwa nini. Aliendelea kukoroga sombe, majani yetu ya muhogo, akasema ni afisa wa kambi ya wakimbizi aliyeandika hivyo, kwa wote. Mwaka wangu wa kuzaliwa aliukadiria kwa kunitazama meno. Huenda nina miaka miwili zaidi, au mitatu.

Nikahesabu mara nne: mwaka ule wa Furaha huenda mimi nilikuwa na kumi na miwili, au kumi na mitatu. Kisha nikamuuliza ilikuwaje basi akasimama siku ile uwanjani, na hali anajua.

Mama akafunika sufuria. "Siku ile watu walikuwa wanamuangalia ye," alisema. "Siye hawakutuangalia."

Nami miaka yote nilidhani ananitetea nafasi yangu golini.