Siku Tairi Zilipoikamata Lami

Mimi ni kwado, fundi wa tairi. Kwa miaka mingi nimekaa kando ya barabara huku mtaani Hewa Bora na kompresa yangu na beseni la maji, nikiziba matundu na kujaza upepo. Kama ungeniuliza zamani iwapo nazijua tairi, ningekucheka.

Aliyenionyesha kwamba sikuwahi kuziona zikifanya kazi ni mdogo wangu wa kike. Yeye anaendesha malori ya mgodi, yale makubwa ambayo dereva hupanda kwa ngazi. Siku zake za mapumziko ana gari lake mwenyewe, jeusi, la zamani, lenye injini ya silinda nane, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Alikuwa analipeleka kwenye mashindano nje ya mji, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo ndani ya shamba la mtu. Hakuna kona. Magari mawili yanasimama bega kwa bega, mtu anashusha kitambaa, na anayefika wa kwanza mwisho wa lami ndiye mshindi.

Jumamosi moja alikuja kazini kwangu amenuna. Tairi zake za nyuma zilikuwa zimeungua hata nyuzi zinachungulia.

"Yaya, moteur iko na nguvu, lakini gari haiendi," aliniambia; yaya ni mimi, mkubwa wake. "Nikikanyaga inatoa moshi tu. Benzangu banaenda, mi ninabakia palepale nachoma pneu."

"Basi tutaongeza upepo kwenye tairi."

"Hapana. Nilikuya upunguze upepo."

"Gari ya nguvu vile, unataka pneu ilegee? Utapasula!"

Aliokota kipande cha katoni, akakitandika chini, akalowesha tairi kwa maji ya matope kutoka kwenye beseni langu, kisha akapitisha gari juu yake polepole. Alama iliyobaki ilikuwa mstari mwembamba, sawa na upana wa kiganja changu. Tairi nzima, na ilikuwa inagusa chini kwa katikati tu. Akaniambia nitoe upepo kidogo, nikatoa. Nikatoa tena. Akapita juu ya katoni ya pili, na safari hii alama ilijaa kutoka ukingo hadi ukingo, mifereji iliyobaki pembeni ikionekana wazi.

"Ile ya kwanza ilikuwa inasimama na vidole," alisema. "Sasa iko inasimama na muguu nzima."

Nilibaki nimechuchumaa, katoni mbili mkononi, wateja wananingoja. Nimejaza upepo tairi ngapi maishani mwangu? Na sikuwahi kuuliza zinakanyagaje.

Alikuwa pia na tairi mbili nyingine kwenye buti, za mpira laini, ambazo ukibonyeza kwa ukucha alama inakawia kuondoka. Nilizifunga hizo. Betri alikuwa ameshaihamishia nyuma, na fundi wake alikuwa amezilegeza springi za nyuma ili gari likiondoka likalie makalio na uzito wote uzishukie tairi. Mimi nilichora mstari wa chaki kwenye kila gurudumu, kutoka kwenye rimu hadi kwenye mpira, nione kama tairi yenye upepo mdogo namna ile itabaki mahali pake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mama alisema anakuja nasi. Hakuwahi kutaka kuona mambo hayo. Alikuja na kitenge chake cha kanisani, akashuka, akatazama kile kiwanja. Ilikuwa kiangazi, na vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya lami kama unga.

"Sasa hii bulongo yote, gari itakamata nini?" aliuliza.

Alikwenda kwenye kibanda cha mlinzi, akarudi na ufagio, akainama na kuanza kufagia njia ya binti yake. Watu walicheka.

"Cheka tu," mama aliwaambia. "Pahali mutoto wangu atapita, sitaki buchafu."

Kisha dereva mmoja alichukua tawi lenye majani akamfuata, na mwingine, na mimi. Tulifagia njia zote mbili hadi lami ikatoka, nyeusi na safi.

Mdogo wangu aliniomba nimwage ndoo ya maji nyuma ya mstari wa kuondokea. Alisimamisha magurudumu ya nyuma katika yale maji, akakaza breki za mbele, akayazungusha. Maji yaliruka, kisha moshi mweupe ukapanda juu kuliko miti ya shamba. Aliposimama nilienda kugusa tairi. Ilikuwa na joto kama kikaango, na kiganja changu kilipobanduka kilitoa sauti, kama mtu anayefungua plasta.

Nilirudi kando, nikachuchumaa sambamba na gurudumu. Nilijua ninachosubiri: mlio na moshi.

Hakukuwa na mlio. Kitambaa kilishuka na tairi haikuzunguka. Ilijikunja. Ubavu wake ulifanya makunyanzi, kama mkono wa shati unaousukuma juu ya kiwiko, na kwa kitambo kidogo kabisa nguvu yote ya ile injini ilikaa ndani ya ule mkunjo, kimya. Pua ya gari iliinuka, makalio yakaketi. Kisha lilikuwa limeshaondoka, na upepo wake ukanipiga kifuani.

"Ee Yezu," mama alisema. Alikuwa ameshikilia ufagio kwa mikono miwili.

Nilitembea hadi pale lilipoondokea. Lami ilikuwa na mistari miwili mifupi, myeusi, iliyonyooka. Nilikanyaga mmoja, na sandali yangu ikabaki nyuma.

Aliporudi tuliangalia chaki. Mstari wa kwenye mpira ulikuwa umeachana na wa kwenye rimu kwa upana wa kidole. Mimi hutumia vyuma viwili na jasho jingi kuibandua tairi kwenye rimu. Yeye alikuwa ameizungusha kwenye rimu kwa kukanyaga mafuta tu. Niliongeza upepo kidogo, kidogo sana, na safari iliyofuata mistari haikuachana.

Mchana alipangwa na gari jeupe lililokuwa linamshinda kila mara. Aliondoka vizuri kuliko safari zote. Nililiona lile jeupe likibaki nyuma tangu pale pale. Kisha tukasikia kishindo cha chuma, na gari letu likapunguza mwendo hadi likasimama katikati. Lile jeupe lilimpita.

Tulikimbia, mama naye akikimbia. Mdogo wangu alitoka akiwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Yaya, imekamata! Imekamata mpaka chuma ikavunjika!"

Ekseli ya nyuma ilikuwa imekatika. Zamani nguvu ile ilikuwa inakimbilia kwenye moshi. Sasa tairi zilikataa kuteleza, nguvu ikavunja kilichokuwa dhaifu.

Alipopata ekseli nzito zaidi tulirudi, tukafagia, akalishinda lile gari jeupe. Lakini mimi nakumbuka zaidi yaliyofuata. Alinifungulia mlango akasema, "Panda, yaya. Tia kichwa ku kiti."

Sikupata nafasi ya kuogopa. Kiti kilinisukuma mgongoni kama mtu mkubwa aliyechoka kunisubiri, pumzi ikabaki kifuani, na miti ikawa ukuta mmoja wa kijani. Chini yangu nilizihisi zile tairi mbili zikiivuta ardhi na kuitupa nyuma.

Mwisho wa lami alizima injini. Vijiwe vilivyokuwa vimeganda kwenye mpira wa moto vilianza kudondoka kimoja kimoja, nasi tukakaa tunavisikiliza.