Kitambaa Kilichobaki Migombani

Jeneza lilipofika nyuma ya nyumba, huko Kisondela, wabebaji sita walilishusha kutoka mabegani, wakainama nalo na kupita chini ya kitambaa cheupe kilichofungwa mgomba hadi mgomba kwa urefu wa hatua thelathini. Marehemu alikuwa ameagiza kisiguswe, na mjane wake alisimama pale, mikono kifuani, kuhakikisha. Mchungaji naye aliinama. "Huyu hata kufa kwake kuna masharti," alinong'ona mzee mmoja nyuma yangu, na waliomsikia wakacheka huku wakifuta machozi. Hivyo ndivyo tulivyomzika, wiki iliyopita, msanii aliyenishangaza kuliko wote niliowahi kukutana nao. Wengi wenu hamjawahi kumsikia.

Nilimfahamu nikiwa kidato cha tatu, Tukuyu. Nilijiona najua kuchora. Nilikuwa naweza kuchora kikombe mpaka ukatamani kukinywea. Mwalimu wetu wa sanaa alipochoshwa na majigambo yangu alinituma Kisondela, Jumamosi moja, nikamwone mstaafu wa kiwanda cha chai. Nilitarajia kukuta picha za Mlima Rungwe. Nilikuta vitambaa vyeupe vya pamba, marekani, vimetandazwa chini ya migomba, vimejaa madoa. Mzee alikuwa amechanja mashina kwa kisu, utomvu ukidondoka, na mvua ikiusambaza inavyotaka. Msomaji wa Rungwe anajua nazungumzia nini. Doa la utomvu wa mgomba ndilo lililotuponza utotoni, kwa sababu mama zetu walijua halitoki.

"Picha iko wapi?" nilimuuliza.

"Bado."

"Itakuwa tayari lini?"

"Muulize mvua, binti. Mimi kibarua wake tu."

Mkewe alikuwa mlangoni akimenya ndizi. "Wanaume wenzake wana mashamba," alidakia. "Huyu ana nguo chafu."

"Na wewe ukakubali kuolewa na mwenye nguo chafu."

"Nilidhani utazifua!"

Kabla sijaondoka mzee alinikunjia kitambaa kimoja, alichosema kimekwisha. Nikae nacho wiki nzima, nikitazame, kisha nirudi kumwambia nimeona nini. Nilikitundika chumbani kwa shangazi yangu, Makandana, nikakitazama siku sita, na nikaona uchafu. Sasa, nyumbani kwetu hurudishi kitu cha mtu kikiwa kichafu. Ukiletewa chakula kwenye bakuli, bakuli linarudi linang'aa. Ijumaa jioni, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikachukua sabuni ya mche nikakifua.

Madoa yaliyokuwa hafifu kama chai ya maziwa yakageuka meusi. Pale palipokuwa peupe pakatokea mistari myembamba ambayo sikuwa nimeiona, mamia, kila mmoja ukifuata njia ya tone lililokauka bila kuonekana. Nilikianika hivyohivyo. Kesho yake nilimpelekea nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyakariri njia nzima.

Alikikunjua, akakiinua kwenye mwanga. "Umetumia sabuni gani?"

"Ya mche, mzee. Nisamehe."

Akamwita mkewe. "Njoo uone alichofanya huyu mtoto!" Nilijua yamenikuta. Mama akaja na kisu chake cha ndizi, akatazama, akasahau utani wake. Mzee akakaa chini kwenye majani makavu. "Nilidhani imeisha," alisema. "Kumbe ilikuwa nusu." Tukaitazama wote watatu. Haikufanana na kitu chochote ninachokijua, na sikuweza kuacha kuitazama.

Siku hiyo ndipo aliponieleza kazi yake ya kiwandani. Kwa miaka mingi alisimamia chumba ambamo majani yaliyosagwa huachwa mpaka yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Ukiyawahi, ni majani tu. Ukiyachelewesha, ni takataka. Yeye alijua wakati wake kwa kunusa. "Kule nilikuwa najua," aliniambia. "Huku sijui. Ndiyo maana kila asubuhi nakuja mbio."

Baadaye, nikiwa chuoni Dar es Salaam, niliingia kwenye kumbi za maonyesho ya sanaa ambamo wenzangu walicheka: rundo la kandambili zilizofungwa kwa waya, skrini kubwa iliyoonyesha mtu anapumua tu na si kingine. Mimi nilibaki nimesimama. Shule zetu zinampa alama mwanafunzi aliyechora kikombe kinachofanana na kikombe, na sina ugomvi nazo. Lakini mambo mengi yanayotujia siku hizi hayafanani na chochote tulichokizoea, na sisi tuna njia mbili tu za haraka za kuyapokea: kuyacheka au kuyafua. Mzee wa Kisondela alinifundisha ya tatu, kukaa na kitu usichokielewa bila kukiharakisha. Na hata hiyo niliifuzu kwa kuikosea.

Baada ya maziko mjane alinishika mkono akanipeleka kwenye kile kitambaa. Mikungu ya migomba ile imekomaa, na mkungu haukatwi bila kuangusha mgomba wake. "Alisema wewe ndiye utakayejua," aliniambia. "Imeisha, niishushe?" Nilitembea hatua zote thelathini, nikarudi. Katikati kilikuwa bado cheupe kabisa. Nilimwomba asubiri. "Ndaga, mwanangu," alinishukuru, ingawa ndizi zake ndizo zilizokuwa zinasubiri.

Jana alinipigia simu. Mgomba wa mwisho umeelemewa na mkungu na kuanguka, na ncha ya kitambaa imelala juu ya udongo mbichi wa kaburi. Mvua inanyesha. Rangi ya udongo imeanza kupanda taratibu kwenye nyuzi, kuelekea pale palipo peupe. "Niinue au niache?" aliuliza. Nilimwambia nitampigia. Sijampigia bado.