Wigo wa Miti Upande wa Jirani

Mvua za mwaka ule ziliangusha ukuta wetu wa nyuma, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kuonekana.

Nilikuwa nakaa katika chumba cha uani kwa mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa reli, karibu na mto Naviundu. Nilimwita kambo, kama tunavyowaita bibi na babu huku Lubumbashi. Nilimlipa kwa kazi za mikono. Shule niliiacha mapema, nikabeba mizigo Kipushi mpakani, nikauza mahindi Mitwaba, nikachimba madini kidogo, nikaacha. Popote nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, nami nikaondoka. Kwa kambo nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote kwa sababu hakuchoka kunijibu.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi, udongo wa kichuguu. Maji yaliula kwa chini, ukalala wote upande wa jirani. Baada ya hapo mtu aliyesimama kule aliona kila kitu: kambo akitwanga sombe ya majani ya muhogo, kambo akianika nguo, kambo akitoka bafuni na kitenge kifuani. Mwanzoni haikutusumbua, kwa maana lupango, kiwanja cha jirani, ilikuwa tupu, nyumba imefungwa, majani yamefika dirishani. Kiangazi kilipokaribia kuisha akaingia mpangaji, mwanamume mwembamba, mpole, asiye na mke wala sufuria, lakini mwenye wageni wengi. Wageni walikuwa vijana wenye vumbi jeupe kwenye magoti ya suruali. Walikaa kwenye kifusi cha ukuta wetu wakavuta sigara, na kambo akipita walimsalimu vizuri mno.

"Banaangaliaka nini?" aliniuliza kambo. "Mwili ya muzee kama miye, iko na nini ya kuona?"

Saruji hatukuiweza. Akasema tupande miti.

Kazi ile niliipenda tangu mwanzo. Kando ya barabara kubwa kulikuwa na mama aliyeuza miche kwenye vifuko vyeusi na chupa za maji zilizokatwa, nami nikawa naenda kwake kumsumbua, kisha narudi kwa kambo na jina la mti, naye analikataa. Nilianza na msonobari wa wigo, ule mwembamba unaokaa kijani mwaka mzima. Akasema huo ni mti wa makaburini, je, nilikuwa na haraka ya kumzika? Nikaja na mwanzi. Mwanzi unapanda upesi, lakini mizizi yake haina adabu, ingeingia mpaka chini ya jikoni. Ule mti wa maziwa unaozungushiwa nyumba vijijini ulikataliwa kwa ajili ya wajukuu, watoto wa mwanawe waliokuja kumtembelea siku za likizo, maana maziwa yake yakiingia jichoni yanapofusha. Jakaranda hupukutisha majani kiangazi, wakati ambapo watu wanakaa nje zaidi na macho ni mengi. Bugenvilia huhitaji kitu cha kuegemea, na tulichokuwa nacho cha kuegemea kilikuwa kimeshaanguka.

Mwishowe nikaacha kuuliza mti gani ni mzuri, nikauliza jicho liko wapi. Nilimsimamisha kambo mlangoni pa bafu, nikasimama kwenye kifusi na kijiti, nikatia alama pale macho yangu yalipofika. Nikaona kwamba mti mrefu wenye shina tupu hautatusaidia kitu. Tulihitaji kichaka kilichofunga kuanzia gotini hadi juu kidogo ya kichwa. Muuza miche akanipa jibu: safu ya hibiskusi nyuma, safu ya mbaazi mbele. Mbaazi zingeinuka haraka na kukinga macho mwaka wa kwanza, hibiskusi zikikua polepole. Mbaazi zikichoka, hibiskusi zitakuwa zimeshikana. Kambo alikubali kwa sababu mbaazi zinaliwa.

Muuza miche akanielekeza pia kuchimba. Shimo liwe na kina cha goti. Udongo mweusi wa juu uweke lundo lake, udongo mwekundu wa chini lundo lake, kwani wakati wa kupanda ule wa juu ndio unaotangulia shimoni pamoja na samadi. Halafu acha mashimo wazi yapigwe na jua hadi mvua ya kwanza, wadudu wafe. Nikafanya hivyo hivyo. Joto la Oktoba lilikuwa kali, na kwenye mpaka wote wa lupango ulikuwepo mstari wa mashimo, kila moja na malundo yake mawili. Nilipokuta jiwe nililitemea mate, nikalifuta kwa kidole nione ndani lina nini. Ni tabia yangu tu, napenda kujua.

Jirani alikuja mpaka ukingoni, mikono nyuma.

"Yaya," alisema, kana kwamba mimi ni ndugu yake mkubwa, "udongo iko na rangi?"

"Iko nyekundu tu. Ni mashimo ya maua."

"Ya maua." Alilirudia neno hilo taratibu, kisha akacheka bila sauti. "Bote banasemaka vile."

Hapo ndipo nilipoyatazama mashimo yangu kwa macho yake. Katika mji mwingine mtu angeona kazi ya bustani. Kwetu, mstari wa mashimo yenye udongo uliotengwa, na mtu anayelowanisha mawe kwa mate ili ayaone rangi, maana yake ni moja: madini. Niliyachimba mashimo ya namna hiyo nilipokuwa mchimbaji, na bado yangu mwenyewe sikuyatambua.

Asubuhi iliyofuata kila lundo jekundu lilikuwa na pengo ubavuni, kama bukari, ugali wetu, iliyomegwa. Lile jeusi halikuguswa. Nilipomwambia kambo aliweka mchi chini. Alikuwa na dada katika mji mwingine wa migodi, na yaliyowapata kule aliyajua: turubai moja la kufunika shimo la mgodi uani mwa mtu, halafu turubai kila mahali, halafu nyufa ukutani, halafu watu barabarani na magodoro kichwani. Nyumba hii ndiyo kitu pekee alichoachiwa na mumewe. Hakuwa na nyingine, wala umri wa kutafuta nyingine.

"Panda leo," alisema.

"Mvua bado, kambo."

"Panda. Tutamwangia maji."

Tulipanda siku ile ile. Nilifukia upesi, nikasawazisha, nikamwaga maji, na wale vijana walitutazama wakiwa wameketi. Mmoja akasema tunaficha vibaya, sasa kila mtu anajua pa kuanzia. Wenzake wakacheka.

Turubai la bluu lilipanda kwa jirani kabla ya mwezi kuisha, karibu kabisa na mpaka. Kambo alikwenda kumwita chifu wa mtaa. Alikuja, akaingia kwa jirani, akakaa huko muda mrefu, akatoka akifuta mdomo na kutuambia kwamba pale panajengwa nyumba ya kuku. Kuku hatukumsikia hata mmoja. Tulichoona ni magunia yakitoka kwa mkokoteni, makaa kidogo yamewekwa juu.

Mvua zikaja nzuri. Kufika Krismasi mbaazi zilikuwa zimenifika begani, na baada ya hapo zikanipita. Hakuna aliyemwona kambo tena akitoka bafuni. Nilitegemea atafurahi, naye alifurahi kwa siku chache, hata akavuna mbaazi mbichi akazipika na mafuta ya mawese. Kisha nikamkuta amesimama mbele ya wigo akijaribu kupenyeza macho kati ya majani, mara huku, mara kule. Wigo ulikuwa umefunga vizuri. Wao hawakutuona, na sisi hatukuwaona wao. Turubai, mkokoteni, idadi ya vijana, vyote vilikuwa nyuma ya majani niliyochagua mimi. Tulibaki na masikio tu, na masikioni kulikuwa na kugongagonga kuzito, kila mchana, ambako siku nyingine kulisikika kutoka kwa jirani na siku nyingine kutoka jikoni. Vikombe vililia kabatini.

Februari hibiskusi zikaanza kuwa za njano. Si zote, ni zile za katikati. Jambo hilo lilinishinda: mvua inanyesha, samadi ipo, na mti unanyauka kama uko jangwani. Nilitafuta wadudu chini ya majani. Nikavunja tawi, ndani likawa kavu. Muuza miche alisema maji yamezidi au yamepungua, nenda ukapime. Basi siku moja mvua ilipopumzika nilijaza ndoo, nikaimwaga shinani mwa ile iliyonyauka zaidi, kambo amesimama kando yangu. Nilitaka nione maji yatatuama kwa muda gani.

Hayakutuama. Yalizunguka shina mara moja na kuingia, yote, ardhi ikabaki na rangi ile ile. Nikamwaga ndoo ya pili. Tukasikia maji yakianguka mahali, mbali, kama ndani ya pipa. Halafu mtu akakohoa chini ya miguu yetu.

"Mama," sauti ya kijana ilisema kutoka ardhini, "maji basi, inatosha."

Kambo alishika tawi la hibiskusi kwa mkono mmoja.

"Mutoto wa nani weye?"

Aliinama, mdomo karibu na shina.

"Mumefika wapi?"

Kisha ikaja sauti nyingine, ya mtu mzima zaidi, na haikutoka pale nilipomwaga maji. Ilitoka ardhini pia, lakini nyuma yetu, upande wa nyumba.

"Mama, usilalake tena mu chumba ya nyuma."

Ilisemwa kwa heshima, jinsi mtu anavyomwonya mama yake kuhusu ngazi mbovu. Kambo aliitazama nyumba kwa muda. Aliniambia nikatoe kitanda chake, mengine tutaona mwanawe akija. Mlangoni pa chumba kile nilivua viatu, sijui kwa nini, nikaingia nikitembea kando kando ya ukuta. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi na nzima, bila ufa hata mmoja, na ilitetemeka kidogo chini ya nyayo zangu.