Dua ya Ada ya Salma

Ilipofika barua ya serikali ya kumlipia binti yangu Salma ada ya chuo kikuu, nilisoma jina lake na yale maelfu ya pauni tu, nikaanza kuelea kwa furaha. Ndani ya basi la Edmonton, hapa London, nilimwona akilini kavaa joho la mahafali, hata kituo changu kikanipita. Kumbe serikali ya Waingereza ina huruma hivi!

Jumapili nikapika pilau, nikaita majirani na Maalim wa msikiti wetu. Maalim akamwombea aliyetupa ada ile: "Mola amzidishie!" Mimi ndiye niliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Tulipoanza kula, Salma akanivuta mtandio.

"Mama, hukuisoma yote? Huu ni mkopo. Nitaulipa, tena na riba."

Maalim akarudisha tonge sahanini.

"Basi," akasema taratibu, "dua imeshapokelewa; keshazidishiwa."