Samli ya Mtoto

Samli ikianza kuyeyuka kwenye kikaango, mimi hutoka jikoni. Wanangu wanadhani siipendi harufu yake. Naipenda mno, na taabu yangu iko hapo hapo. Ninyi nitawaambia ambalo wao sijawaambia.

Nilikuwa na miaka minane, kwetu Uru, miaka ile baada ya vita vya Kagera, duka la kijiji lilipokuwa limebaki na muuzaji na mizani yake tu. Mama alikuwa mjamzito. Bibi, mama yake Baba, alisukasuka maziwa kwenye kibuyu kwa miezi, akipika samli ya kumpaka mtoto, akiijaza kwenye kopo lililofungwa kitambaa. Alituambia atakayeingiza kidole humo atakatwa kidole. Nilimwamini, maana Bibi hakuwa mtu wa mzaha.

Siku Mama alipopelekwa hospitali, mimi nilipelekwa kwa shangazi, kule Rau. Niliporudi nilimkuta Mama amelala ameelekea ukutani, na mtoto hayupo. Nikamuuliza Baba.

"Amebaki," akasema, akatoka nje.

Basi nikajua amebaki hospitali, atakuja akipata nguvu.

Mtori ulikuwa unaingia chumbani kwa Mama na kurudi vile vile, umeganda. Bibi alibadilisha ndizi, akabadilisha nyama, mwisho akawa anagombana na ng'ombe kwa Kichagga huku akimpa majani. Kwa desturi yetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani, hatoki, kazi yake ni kula tu, na Mama alikuwa hali chochote. Niliogopa atakufa. Hofu hiyo nilikwenda nayo hata shuleni.

Asubuhi moja niliona mezani nusu mkate ambao Baba alikuwa ameupangia foleni mjini. Zamani Mama alifanya kazi jikoni kwa masista, na huko alijifunza kuchovya mkate kwenye mayai na kuukaanga. Alitupikia Krismasi tu, akijisifu kidogo. Bibi alikuwa amekwenda kukata majani. Nikatoa mayai mawili kwenye tenga la kuku, nikayapiga kwa uma na chumvi. Mafuta ya kupikia hatukuwa nayo tangu mwezi uliopita. Nikafungua kopo la Bibi.

Vipande viwili vya kwanza viliungua, mbwa akavila. Mkate ulikunywa samli bila huruma, na nilipomaliza, kopo lilikuwa nusu.

Mama alisikia harufu kabla sijaweka sahani. Akageuka, akakaa. Alikula huku machozi yakimdondokea mkononi wala hayafuti. Nilidhani analia kwa sababu kingo zimeungua. Akamaliza kipande, akachukua cha pili. Bibi alipoliona kopo alilifunga tena kitambaa, akalirudisha mahali pake, na hilo lilinitisha kuliko kukatwa kidole.

Siku zikapita, mtoto haji. Nikajipa jibu mwenyewe: tumekula samli yake, amekasirika. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani la sale, mmea tunaoupanda mipakani, na akiletewa hilo hawezi kukunyima msamaha. Hospitali nisingefika, kwa hiyo niliamua kumpa Mama ampelekee akitoka ndani. Masale ya mpakani yalikuwa yamenizidi kimo. Lakini nyuma ya zizi, kwenye migomba, kulikuwa na moja dogo, jipya, udongo wake bado laini. Nikakata jani.

Mama aliniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia. Akalipokea kwa mikono miwili, kama linatoka kwa mkubwa wake.

"Amepokea," akasema. "Hajakukasirikia, mwanangu."

Nikaenda kucheza.

Nilikuwa msichana mkubwa, tunapalilia kahawa, nilipomuuliza Bibi kwa nini sale lile lilipandwa peke yake. Hakuinua uso. Alisema walimzika pale yule mtoto, wa kiume, mimi nikiwa Rau, na kaburi hupandwa sale. Niliweka jembe chini nikalia, nikijionea aibu na kumwonea Mama huruma ambayo mpaka leo haijaisha. Nilikuwa nimemwomba mtoto msamaha kwa jani la kaburi lake. Na Mama, siku ile, alikuwa bado ndani. Hakuwa ameona walipomlaza mtoto wake. Jani langu ndilo lilikuwa kitu cha kwanza kumfikia kutoka kwake.