Tulizima firewall siku ya msiba, tukasahau kuiwasha

Wakuu, poleni na majukumu.

Naomba niwasimulie jambo lililonipata mwenyewe hapa Katoro. Sitaongeza chumvi. Pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa, maana shule yangu iliishia darasa la saba na kazi yangu ni kuchomelea makarasha, yale mapipa ya chuma yanayosaga mawe ya dhahabu.

Mke wangu, Mama Kabula, alifariki mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakatika. Hilo sitalisema sana.

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, na yeye ndiye aliyekuwa anaitumia. Kila wimbo mpya alijirekodi mwenyewe sauti zote nne, moja moja, ili kila mwanakwaya apate ya kwake akajifunzie.

Sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa zake kweli. Ya tatu alijikaza. Ya nne, yaani besi, ilikuwa vita.

Kuna wimbo mmoja wa Pasaka aliutunga mwenyewe. Kwenye besi, mwisho wa ubeti wa pili, anashuka, anashuka, halafu sauti inakata na anacheka. Anacheka kabisa. Kisha anasema, "Jamani, huko chini mtaenda wenyewe," anaendelea na ubeti wa tatu.

Wakuu, picha zake ninazo nyingi. Kicheko chake kilikuwa pale tu.

Sasa twende kwenye firewall.

Siku ya msiba wanakwaya walizihitaji nyimbo zake wakaimbe mazishini Kishapu, kwao. Flashi ilikuwa moja na watu wengi. Emanueli, mpiga kinanda wao, akasema tuweke folda wazi, kila mtu achukue kwa wifi. Wifi yetu ni ya mwenye nyumba, wapangaji wote tunaitumia, na wageni wa wapangaji pia.

Simu zikawa haziioni kompyuta.

Emanueli akasema, "Baba Kabula, hii firewall, huyu mlinzi wa kompyuta, ndiyo inagoma. Tuizime."

Nikamwambia zima. Siku ya msiba nani anafunga mlango? Hata geti tulikuwa tumeling'oa ili turubai lipite. Folda tukaifungua kwa kila mtu, kusoma na kuandika, bila nywila.

Nyimbo zikachukuliwa. Zikaimbwa. Sitasema zaidi.

Tulipoanua matanga kila kitu kilirudi mahali pake. Turubai, masufuria ya kanisani, viti vya jirani. Geti nikalichomelea upya kwa mkono wangu.

Firewall hakuna aliyeikumbuka. Mimi hata sikujua ni kitu cha kurudishwa.

Jumamosi moja mchana nikakaa kwenye kompyuta nimsikilize Mama Kabula. Faili za folda ile zote zilikuwa zimebadilika majina, zimeongezewa mkia wa herufi za ajabu. Nikibonyeza, hazifunguki. Kulikuwa na ujumbe wa Kiingereza unaodai malipo.

Nikachomoa waya wa umeme. Nilikaa pale kwenye kiti chake mpaka Kabula, binti yetu, aliporudi sokoni.

Baadaye tulikuja kujua shida hiyo ilitoka kwenye laptop ya mgeni wa mpangaji mmoja. Si mtu mbaya. Laptop yake ilikuwa na kirusi bila yeye kujua, ikaona folda yetu iko wazi kwenye wifi ileile, ikaingia. Na yeye alipoteza vya kwake.

Wiki ile nilikuwa naenda Kishapu kusafisha kaburi. Nikabeba kompyuta, nikashuka nayo Shinyanga mjini kwenye duka la Mama Yasmin. Ni mama wa Kihindi, duka alirithi kwa baba yake, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu.

"Mwadila, baba," akanisalimu. "Hiyo kompyuta umeipakata kama mtoto mwenye homa."

"Mwadila, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Ni kweli inaumwa."

Alikagua mchana mzima. Akasema faili zimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hana, na kwamba hata nikiwalipa wale watu huenda wasinipe. Aliniambia hivyo usoni, hakunizungusha. Akaisafisha kompyuta ili kirusi kisibaki.

Nikamwambia basi niuzie firewall, ile nzuri kuliko zote. Kwenye rafu yake kulikuwa na maboksi ya programu hizo yamepangwa.

Akacheka. "Unayo, baba. Imo humohumo kwenye Windows, imekaa imezimwa. Nikuuzie mlango wa pili wakati wa kwanza hujaufunga?"

Nikamuuliza kuhusu aina nyingine ambayo nilisikia inauliza ruhusa kwa kila programu. Akasema ni nzuri kwa mwenye subira. "Wewe itakuuliza asubuhi, mchana na jioni. Kesho yake utaanza kubonyeza ndiyo bila kusoma. Hapo umeajiri mlinzi halafu umemfundisha kulala."

Nikachagua ya Windows.

Aliniwashia, kisha akaizima tena, akaniambia, "Washa wewe." Kwa hiyo nilijifunza kwa mkono. Unafungua Windows Security, unaingia sehemu ya firewall, unakuta mitandao ya aina tatu, unahakikisha zote zimewashwa. Ile folda tukaifungia, isionekane na mtu yeyote kwenye wifi.

Kisha kulikuwa na swali la Private au Public, yaani mtandao ni wa kwangu au wa watu wote. Nikasema Private, si niko nyumbani kwangu?

"Nyumbani ndiyo. Wifi je, ni ya kwako?"

Nikasema ni ya wote.

"Basi weka Public. Unaishi na watu vizuri, ila usiwaachie mlango wa chumbani."

Kilichonishangaza ni jinsi inavyofanya kazi. Kwenye makarasha mlinzi anakagua anayetoka, asije akatoka na mchanga wa dhahabu. Hii inamtazama anayekuja. Kompyuta yako ikiuliza kitu nje, jibu linaruhusiwa kurudi. Anayekuja bila kuitwa anabaki nje. Haipigi kelele wala haijisifu. Kama fundi wa vyuma, naheshimu kitu kilichotengenezwa namna hiyo.

Ila Mama Yasmin alinionya kwamba haizuii ugonjwa unaouleta mwenyewe kwa flashi, wala haikutunzii nakala. Mlango ni mlango tu.

Niliporudi Katoro, nikamwomba jirani yangu Joni aitafute kompyuta yangu kwa simu yake kwenye wifi.

Alitafuta sana. "Baba Kabula, sikuoni kabisa. Yaani kama umehama."

Nikafurahi, wakuu. Nikaingia ndani, nikazikuta faili za folda ileile bado hazifunguki. Mlango mzuri, na ndani hakuna kitu.

Alhamisi nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Tangu msiba sikuwa nimekanyaga pale. Nilienda kuuliza kama kuna aliyebaki na nyimbo za siku ile. Nikakaa nyuma, nikasubiri wamalize.

Wakaanza ule wimbo wa Pasaka. Mwisho wa ubeti wa pili, sauti nyingine zikaingia ubeti wa tatu. Besi hawakuingia. Wazee wanne wamesimama kimya, midomo imefungwa. Halafu wakaingia kwa pamoja, wamechelewa.

Mwalimu mpya, kijana wa watu, akasimamisha. "Jamani besi, mbona mnakata hapo kila siku? Kwenye karatasi hakuna pumziko."

Mzee Maduhu, mkubwa wao, akajibu kwa upole, "Mwalimu, ndivyo tulivyofundishwa."

Nilihesabu moyoni. Kimya chao kilikuwa na urefu wa kicheko chake, na yale maneno yake.

Mzee Maduhu ana simu ndogo ya vitufe. Emanueli alikuwa amemwekea besi kwenye memori kadi siku ileile ya msiba, tulipoacha kila kitu wazi. Alinipa kadi bila kuniuliza ya nini. Nyumbani niliipima virusi kwanza kwenye kompyuta, kama Mama Yasmin alivyonielekeza. Kisha nikabonyeza.

Kipo, wakuu. Chote.

Kwa hiyo nilichojifunza kina pande mbili, na zote nazishika. Ukizima firewall kwa shida ya siku moja, iwashe shida ikiisha, kama unavyorudisha masufuria ya watu. Na sauti ya mtu wako usiihifadhi peke yako. Wape wengine.

Firewall yangu imewashwa tangu siku ile ya dukani, na kila mwimbaji wa besi ana nakala.

Wenye ujuzi nirekebisheni nilipokosea, sitachukia. Na kama kuna mwenye rekodi ya mtu aliyetangulia, aniambie anaitunzaje.